Stelingi Akifa

Katika mabanda ya gemu ya Ngamiani, Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: stelingi hafi. Tuliirithi kutoka kwenye mabanda ya video, ambako stelingi alipigwa, akatupwa kutoka ghorofani, akatobolewa risasi, na bado dakika za mwisho akainuka kuwamaliza maadui. Kwenye gemu sheria hiyo ilikuwa na nguvu zaidi, maana hata akifa anaanza upya. Kufa kulikuwa kupoteza zamu tu. Ukipigwa kwenye Tekken 3 au ukifungwa kwenye mpira, unampisha aliyeko kwenye benchi, unatafuta sarafu nyingine, unasubiri. Hakuna aliyehuzunika. Watu walitaniana mpaka mwenye banda akatishia kuzima mashine.

Sijaacha kucheza tangu wakati huo. Sasa ni mtu mzima, na watoto wangu wanashangaa kuniona na padi mkononi baada ya isha. Nikitazama nyuma, picha zimebadilika mno, lakini si hizo ninazozikumbuka. Ninachokumbuka ni jinsi gemu zilivyojifunza msiba, hatua kwa hatua, na jinsi sisi wachezaji tulivyojifunza pamoja nazo.

Iliyoivunja sheria yetu ni Final Fantasy VII, gemu ya kampuni ya Square ya Japani iliyotoka mwaka 1997. Ililetwa mtaani na kijana wa kidato cha nne ambaye mjomba wake alikuwa baharia: sidi tatu ndani ya kasha moja. Mwenye banda hakuipenda. Mpira unaisha kwa dakika chache na unaingiza hela ya watu wawili. Hii ilimkalisha mtu mmoja peke yake, na kuimaliza kulitaka makumi ya saa na memori kadi ya kuhifadhi pale ulipofika. Kwa hiyo kijana aliruhusiwa asubuhi za likizo tu, kabla wateja wa mpira hawajaamka, naye alilipa kwa saa. Sisi wadogo tulikaa sakafuni na kutazama bure.

Gemu ile haikuwa na sauti za watu. Wahusika walizungumza kwa maandishi ya Kiingereza yaliyopita kwenye kioo cha runinga ya chogo, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kumwamkia mwalimu. Kijana akawa mkalimani wetu, kwa mtindo wa Lufufu, ambaye kanda zake za filamu za nje zenye maelezo ya Kiswahili tulizijua kwa moyo. Cloud, askari wa kukodiwa mwenye upanga mpana kuliko mgongo wake, akaongea kama mtoto wa Barabara ya Kumi na Mbili. Sephiroth, adui yake mkuu, akapewa sauti ya kukoroma. Aerith, muuza maua wa mji wa Midgar, akapewa upole wote ambao kijana yule aliweza kuutoa kooni. Nadhani alikuwa anampenda. Vita ikianza alimlinda kuliko wengine, na kazi ya kuiponya timu alimkabidhi yeye.

Kuelekea mwisho wa sidi ya kwanza, Aerith anapiga magoti kuomba katika mji wa kale uliohamwa. Cloud anamfikia, mikono yake inainua upanga pasipo yeye kutaka, wenzake wanampigia kelele, anajizuia. Aerith anainua uso, anatabasamu. Hapo Sephiroth anashuka kutoka juu na upanga wake mrefu, anamchoma mgongoni.

Mkalimani wetu akanyamaza. Mmoja wetu akasema kwa uhakika kabisa, "Ataamka huyo."

Hakuamka. Pambano likaanza papo hapo, na tofauti na kila gemu tuliyoijua, muziki haukugeuka kuwa wa vita. Ule wimbo wa huzuni wa Nobuo Uematsu uliendelea vile vile, ikabidi kijana apigane huku anaomboleza. Kisha Cloud akambeba Aerith na kumwachilia majini, na jina lake likatoka kwenye orodha ya timu. Nguvu zote alizompandishia asubuhi zile zikakosa mwenyewe.

Siku hiyo hiyo uvumi ukaanza: ukifanya hivi na hivi, anafufuka. Kuna aliyeapa kwamba binamu yake wa Mombasa ameshamfufua. Baadaye nilikuja kujua kwamba uvumi huo ulizunguka dunia nzima, na wachezaji wa nchi nyingine nao walihangaika miaka wakitafuta mlango ambao watengenezaji hawakuujenga. Watoto wa Ngamiani na watoto wa Tokyo tulikuwa tumekataa kitu kimoja.

Hata hivyo, kifo kile tulikitazama tu. Upanga uliposhuka, padi ilikuwa imelala gotini mwa kijana. Uchungu ulitufikia ukiwa tayari umetengenezwa na wengine, kama wa filamu yoyote, na sisi tukaupokea tulivyokaa.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa chuoni Dar es Salaam, katika chumba cha kupanga chenye PS2 ya kuchangiana. Huko nikakutana na Metal Gear Solid 3 ya Hideo Kojima, iliyotoka mwaka 2004. Hadithi yake ni ya mwaka 1964, wakati wa Vita Baridi. Askari aitwaye Snake anatumwa kumuua The Boss, mwanamke aliyemlea katika kazi na kumfundisha kila anachokijua, ambaye sasa anahesabiwa msaliti. Wanapambana kwenye uwanja wa maua meupe. Ukimshinda, analala chini na kumkabidhi Snake bunduki. Snake anamwelekezea mtutu. Halafu picha inasimama.

Nilidhani mashine imekwama. Mwenzangu akasema sidi ina mikwaruzo, itolewe ifutwe. Tulikaa tukitazama maua yakitikisika, mpaka nikaelewa kwamba gemu haikuwa imekwama hata kidogo. Ilikuwa inanisubiri mimi. Kojima alikataa kunionyesha risasi ile kama filamu. Alitaka kidole changu ndicho kibonyeze. Nilikawia, kisha nikabonyeza, na maua yakawa mekundu. Baadaye gemu inafichua kwamba The Boss hakuwahi kuisaliti nchi yake. Alikubali kufa na jina chafu kwa sababu serikali yake ilihitaji afe hivyo ili vita ya nyuklia iepukwe. Nilipojua, sikuweza kumlaumu mwandishi wa hadithi peke yake, kwa sababu nilikuwa na sehemu yangu katika kifo kile.

Mwaka uliofuata ikatoka Shadow of the Colossus ya Fumito Ueda, ikaendeleza somo hilo hilo kwa njia ya kimya zaidi. Kijana Wander anataka kumfufua msichana aliyekufa, na sharti ni kuua majitu 16. Mengine ni makubwa kuliko jengo, na mengi hayana ugomvi nawe mpaka uyachokoze. Unakwea manyoya yake ukining'inia, unatafuta alama inayong'aa, unachoma. Jitu linaanguka polepole, na badala ya shangwe unapigiwa muziki wa maombolezo. Mara ya kwanza chumba chetu kilipiga kelele za ushindi. Tulipofika la nne au la tano hakuna aliyeshangilia tena, na bado tuliendelea, kwa sababu tulitaka kumaliza.

Kwa miaka iliyofuata, watengenezaji wengi walidhani siri yote ni kitufe. Mwaka 2014 Call of Duty: Advanced Warfare ikamweka mchezaji mazikoni mbele ya jeneza la rafiki, na maandishi yakatokea yakimtaka abonyeze kitufe ili atoe heshima za mwisho. Dunia nzima ilicheka, na mpaka leo vijana huandika F, herufi ya kitufe hicho kwenye kompyuta, mtandaoni kama rambirambi ya mzaha. Kicheko hicho kilikuwa cha haki. Kidole kiliamrishwa kuomboleza kabla hakijaishi na marehemu.

Iliyonionyesha tofauti ilikuwa imetangulia mwaka mmoja: Brothers: A Tale of Two Sons, iliyotengenezwa Sweden na Josef Fares, mwongoza filamu aliyezaliwa Lebanon. Ndugu wawili wanakwenda kumtafutia baba yao mgonjwa dawa. Wanazungumza lugha ya kubuni isiyo ya taifa lolote, kwa hiyo hakuna anayehitaji mkalimani. Unawaongoza wote wawili kwa wakati mmoja: mkono wako wa kushoto ni kaka, wa kulia ni mdogo. Mama yao alikufa maji, na mdogo anaogopa kuogelea. Kila wakifika mtoni hushika mgongo wa kaka yake, nawe unabonyeza vitufe vya pande zote mbili ili wavuke.

Kaka anakufa. Gemu haikatishi picha ili kukustahi. Unamwelekeza mdogo auburute mwili hadi kaburini, kisha asukume udongo, fungu baada ya fungu, mpaka kaburi lifunikwe. Muda wote huo mkono wa kushoto hauna kazi. Uko pale kwenye padi, umezoea kutembea, na hakuna wa kutembea naye. Halafu mdogo anafika mtoni peke yake. Unabonyeza kitufe chake, anarudi nyuma kwa hofu. Unajaribu tena, hataki. Mwishowe, bila kuambiwa na maandishi yoyote, kidole cha kushoto kinabonyeza kitufe cha kaka. Mdogo anajitosa, anaogelea.

Nilicheza sehemu hiyo usiku, spika za masikioni zikiwa zimenifunga, na nililia bila kujizuia. Ndipo nilipopata maneno ya jambo nililokuwa nalifuatilia tangu utotoni. Msibani kwetu mtu haachwi akae tu na majonzi yake. Huyu anapewa jembe, yule sufuria, mwingine anatumwa kuita watu wa mbali, na jeneza linapopita kila bega linalitaka. Gemu inayogusa moyo inafanya hivyo hivyo: inakupa kazi msibani. Lakini lazima iwe kazi ambayo mikono yako ina sababu ya kuifanya. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeishi saa kadhaa na kaka yule. Mbele ya jeneza la Call of Duty ulikuwa mgeni.

Kuna kitu tulikipoteza njiani, lazima nikiri. Aerith alifia mbele ya kundi la watoto. Ndugu wa Sweden alifia mbele yangu pekee, mlango ukiwa umefungwa. Gemu zilipoanza kugusa kwa undani, mabanda yalikuwa yamebaki na mpira, na huzuni ikahamia vyumbani. Journey ya mwaka 2012 ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kukukutanisha jangwani na mchezaji usiyemjua, bila jina wala maneno, mkisogeleana kwenye theluji ya mlimani ili kupeana nguvu. Inapendeza. Lakini huwezi kumuuliza mwenzako wa Journey kama naye ameumia.

Baba yangu alitangulia mbele ya haki, na kwa muda mrefu kidole gumba changu kiliendelea kwenda kwenye jina lake katika simu kila Ijumaa baada ya sala. Hali yangu ilikuwa hiyo ilipotoka Tales of Kenzera: Zau, Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza baada ya kufiwa na baba yake. Mganga kijana aitwaye Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo: atamletea roho tatu kubwa, naye arudishiwe Baba. Nilichagua sauti za Kiswahili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya gemu, mtu kwenye kioo aliomboleza kwa lugha ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeomboleza nayo, na hapakuhitajika kijana wa kidato cha nne katikati yetu. Zau anapigana, anakasirika, anabisha, na safari yenyewe inamfundisha taratibu kwamba Baba harudi.

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni akitazama. Akaniuliza, "Baba, kwani ukishinda wote hawampi baba yake?" Nikamwambia hawampi. Akafikiri, akasema, "Basi kwa nini aendelee?" Nikampa padi, nikamwambia aendelee yeye ataona.

Natamani fundi wa programu wa Tanga, Mombasa au Bujumbura atutengenezee ya kwetu kabisa: gemu ya jeneza linalotoka nyumbani kwenda makaburini, na umati wa wachezaji, kila mmoja na bega lake. Mchezaji asipewe hatua nyingi. Akilipokea, atembee kidogo, kisha atafute kitufe cha kumpa anayefuata. Maelekezo hayatahitajika, watu wa kwetu wataijua kazi hiyo pindi watakapoishika padi.