Maharage Yanangoja, Samaki Hawangoji

Mwezi Julai jua huchelewa kuipasha moto Kate, wilayani Nkasi. Baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa hulala juu ya majani mpaka saa mbili na nusu, na watu hutoka nje wamevaa makoti mazito ya mtumba, wengine wamejitanda vitenge viwili juu ya sweta. Fuso lilisimama mbele ya ghala la bati, nyuma yake wazi, ubao umeegeshwa. Vijana walipanda ubao ule wakikimbia, kila mmoja na gunia la maharage begani, wakalibwaga, wakarudi chini mikono mitupu na mvuke ukiwatoka vinywani. Kulikuwa na harufu ya mazao makavu, dizeli, na mahindi ya kuchoma.

Kila gunia lilikuwa na alama. Moja limeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu, jingine lina herufi mbili za wino mweusi, jingine limefungwa kipande cha kanga. Niliuliza sababu, nikidhani ni kwa ajili ya kuyatofautisha wakati wa kushusha. Mwanamke wa makamo aliyekuwa akiyahesabu magunia yake kwa kuyagusa mgongo alinijibu bila kugeuka: "Ni kwa ajili ya geti, baba."

Magunia yake yalikuwa manne, ya uzi mwekundu. Yalikuwa yanakwenda Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia, na yeye pamoja nayo. Akiuza, angevuka hadi Nakonde kununua vitenge vya kurudi navyo Nkasi. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, na ndani yake bahasha ya kaki iliyolainika pembe kwa kushikwashikwa. Baadaye, garini, alinionyesha vilivyomo: kitambulisho, pasi, kadi ya njano ya chanjo, risiti zilizopangwa kwa tarehe, na ukurasa mmoja wa fotokopi wenye mistari iliyopigwa kalamu ya kijani.

Mistari ile inafaa kuelezwa. Mwaka 2017 sheria ya fedha iliondoa ushuru kwa mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia manne hayafiki tani moja. Lakini fuso lote lina tani saba, na anayesimama kwenye geti la ushuru huliona fuso, haoni wenye magunia. Ndiyo maana ya nyuzi, herufi na vipande vya kanga. Kila mwenye mzigo anataka aweze kusimama chini ya gari, anyooshe kidole na kusema: haya ni yangu, yale ni ya mwingine, tupime.

Kutoka Kate tulipitia Sumbawanga. Barabara ya kutoka hapo kwenda Tunduma ni lami, zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa hupita katika nchi tupu isiyo na miti. Nyasi zimekauka na kuwa rangi ya mkate. Vichuguu vimesimama kama watu waliovaa makoti. Kushoto, mbali, ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, na anga la upande ule lina ukungu wa joto ambao huku juu haupo. Laela tulisimama kununua mihogo na chai ya tangawizi katika vikombe vya plastiki, kisha tukaendelea.

Geti lenyewe sitalitaja. Lilikuwa mlingoti uliofungiwa mawe upande mmoja, kibanda cha bati, kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya. Kijana aliyetujia alikuwa na kitabu cha risiti kwapani. Alimwamkia yule mama kwanza, kwa adabu kamili. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Akaangalia mzigo, akalizunguka gari, akarudi kusema kwamba mzigo ni mkubwa na makaratasi yana matatizo. Mama akatoa ukurasa wa mistari ya kijani. Kijana aliusoma, au alijifanya kuusoma, akaurudisha.

"Mama, jiongeze basi."

Neno hilo kila mtu barabarani analijua. Halitaji kiasi, halitaji kosa. Linamwachia msafiri ajitafutie hatia yake na bei yake.

"Nijiongeze vipi, mwanangu? Kama ninadaiwa, andika risiti, nalipa hapa hapa. Kama sidaiwi, tufungulie."

Kijana hakuandika, wala hakufungua. Akarudi kwenye kiti chake. Mama akavua kanga ya juu, akaitandika kwenye kivuli cha fuso, akaketi. Wanawake wengine wawili waliokuwa na magunia juu ya gari wakaketi kando yake. Mmoja akatoa karanga. Dereva alizima injini na kulala kifudifudi juu ya usukani, na kwa jinsi alivyolala upesi nilijua alikwishazoea.

Wakati tumekaa, ikaja Noah nyeupe. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, na mahali pake kulikuwa na maboksi yaliyofungwa kwa kamba za mpira. Chini ya mlango wa nyuma maji yalidondoka, tone baada ya tone, yakiacha mstari mweusi juu ya lami. Harufu ilitufikia kabla dereva hajashuka. Ilikuwa migebuka kutoka Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, juu ya barafu iliyokuwa imesafiri mbali. Mwenye samaki hakuuliza kosa lake. Alitazama maji yanayodondoka, akatazama jua, akaingiza kidole kwenye mfuko wa shati. Noti ya elfu tano, ya zambarau yenye picha ya kifaru, ilikunjwa mara nne ikatoweka ndani ya kiganja cha kupeana mikono. Mlingoti ukanyanyuka. Noah haikukaa hapo hata dakika tano.

Sisi tulikaa mpaka kivuli cha gari kikahama upande wa pili, na akina mama wakahama nacho. Hakuna aliyepaza sauti. Walizungumza habari za bei ya mbolea, za mtoto wa mtu aliyefaulu kwenda kidato cha tano, za mbegu zinazovumilia baridi. Nilikuwa nimejiandaa kuona ugomvi. Nilichoona ni kazi, ile ile ya kungoja ambayo mkulima huifanya shambani. Hatimaye magari mengine matatu yalipanga foleni nyuma yetu, madereva wakaanza kupiga honi, na kijana akanyanyua mlingoti bila kutuangalia. Mama akakung'uta kanga yake. "Ahsante, mwanangu," alimwambia wakati wa kupanda, na hakumaanisha kejeli.

Tunduma husikika kabla ya kuonekana. Malori yanaanza mbali nje ya mji, pua kwa mkia, upande mmoja wa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Yapo matangi ya mafuta yanayoelekea Zambia na Kongo. Yapo yanayokuja kutoka huko yakiwa na mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, rundo dogo tu katikati ya tela refu, maana shaba ni nzito na tela hufikia uzito wake kabla ya kujaa. Madereva wamening'iniza nguo zilizofuliwa kwenye vioo. Chini ya matela wanapika ugali. Reli ya TAZARA nayo inavukia hapa, na juu ya yote kuna vumbi, honi, na wapiga debe wanaotaja Mbeya, Vwawa, Sumbawanga kwa mpigo mmoja.

Tunduma na Nakonde zimegusana. Mtu mgeni anaweza kutembea kati ya maduka na asijue ni hatua ipi iliyombadilishia nchi. Mpaka huu ulichorwa na Wajerumani na Waingereza katika mkataba wa mwaka 1890, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukapita katikati ya watu. Wamambwe na Walungu mpaka leo wana ndugu pande zote mbili. Zile zinazoitwa njia za panya nyingine zilikuwa njia za kwenda kwa shangazi kabla hazijawa njia za magendo.

Na katika msongamano huu ndipo walipo vishoka, mawakala wasio rasmi. Hawana sare, lakini wengi huvaa vizibao vya kung'aa, vile vya mafundi wa barabara, na shingoni wana kamba yenye kitambulisho kilichogeuzwa nyuma mbele. Wanamjua mgeni kwa jinsi anavyoinua shingo kusoma mabango. "Bosi, leta pasi nikugongee chapchap." "Dada, ofisi inafungwa, bado dakika kumi." Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na saa hiyo moja inawalisha watu wengi hapa: mgeni hajui afuate saa ya upande upi, basi huambiwa ile inayomtia hofu zaidi.

Tangu Oktoba 2019 mpaka huu unatumia kituo cha pamoja. Anayetoka Tanzania humalizana na nchi zote mbili upande wa Nakonde, na anayeingia humalizana nazo upande wa Tunduma. Msafiri husimama mara moja. Kwa hiyo mtu anayekusimamisha upande huu wakati wa kutoka, akitaka ada ya muhuri wa kutokea, anakuuzia kituo kisichokuwepo. Nilimwona mmoja akimfanyia hivyo kijana mwenye begi la mgongoni. Kijana alikuwa ameshatoa pochi. Mama wa Kate alimshika mkono, taratibu, kama anayemwondoa mtoto kwenye moto. "Twende pamoja, mwanangu. Huku hatulipi."

Kadi ya njano nayo ina biashara yake. Zamani chanjo ya homa ya manjano ilihesabiwa kudumu miaka 10, na kadi nyingi za wakati huo zimeandikwa hivyo. Tangu Julai 11, 2016, kanuni za afya za kimataifa zinaitambua kadi hiyo kwa maisha yote ya mwenye nayo. Kishoka huifungua, hukuonyesha tarehe, hutikisa kichwa kwa huruma. Muda umekwisha, anasema, ila kuna rafiki yangu hapo nyuma ana mihuri. Asiyejua huishia kununua kadi mpya ya chanjo ambayo hakuchomwa.

Wabadilishaji fedha wa mitaani wanasimama na maburungutu yaliyofungwa kwa mpira. Vidole vyao vinahesabu kwa kasi kuliko jicho. Noti moja ikikunjwa katikati huhesabiwa mara mbili, kila nusu ikijifanya nzima. Mbaya kuliko hiyo ilikuwa baada ya Januari 2013, Zambia ilipoondoa sifuri tatu kwenye kwacha yake na elfu hamsini ya jana ikawa hamsini. Mama anakumbuka wenzake waliopokea noti za zamani zenye sifuri zote wakidhani wamepata mali. Yeye hubadilisha ndani ya duka, anazihesabu moja moja juu ya kaunta, kisha anazihesabu tena, na hajali nani anangoja nyuma yake.

Kurudi na vitenge ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Chumba cha forodha kilijaa, feni ilizunguka bila kuleta upepo, ukutani bango lilionyesha namba 113 ya kupiga bure kutoa taarifa za rushwa. Malipo ya serikali siku hizi yana kontrol namba: unapewa namba, unalipa kwa simu au benki, ujumbe unaingia. Fedha haipiti mkononi mwa mtu. Ni jambo zuri, na nililiona likifanya kazi. Lakini mtandao ulisumbua, foleni ikasimama, na mara moja mlangoni wakaonekana vizibao vinavyong'aa. "Mama, mtandao umelala. Elfu kumi tu, vitenge vinakutangulia kwa huku nyuma." Akatikisa kichwa. Akakaa juu ya robota lake, miguu pamoja, bahasha mapajani. Ilikuwa karibu jioni namba ilipotoka. Alilipa, akaonyesha simu, akaomba risiti ichapishwe, akaitia bahashani kwa tarehe yake.

Nilimkuta tena mwenye migebuka, usiku ule, kwenye banda la chakula karibu na stendi. Maboksi yake yalikuwa matupu na alikuwa akila wali maharage. Nilimwuliza kwa nini hakukaa chini kama akina mama. Hakukasirika. Alisema yeye pia anazijua sheria. Anajua kwamba kwa sheria ya mwaka 2007 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea, na kwa hiyo ile namba ya ukutani hawezi kuipiga, kwa kuwa angekuwa anajishtaki. Lakini maharage yakikaa getini siku nzima yanabaki maharage. Samaki akikaa saa tatu anashuka bei nusu, na akikaa sita anatupwa.

"Wenye nyanya wako hivyo hivyo," alisema. "Wenye maziwa. Wenye mgonjwa garini."

Nilimwuliza fedha anayoitoa getini anaifidia vipi. Akaanza kunihesabia kwa vidole vilivyokuwa bado na magamba: mafuta ya gari, barafu ya Kirando, barafu ya kuongeza Sumbawanga, kupakia, kushusha, mageti. Mageti yalikuwa kwenye orodha pamoja na barafu, kwa sauti ile ile. Jumla yote hugawanywa kwa idadi ya samaki, alisema, na kila mgebuka anayeuzwa Tunduma ameshabeba sehemu yake kabla hajafika kwenye meza ya muuzaji.