Mgeni kwa Kiingereza Ni Nani?

Hapa kwetu Kindu lugha si haba. Nyumbani mtu husema Kilega, au Kizimba, au Kikusu, au Kisongola, kila mmoja kwa ukoo wake. Sokoni ni Kiswahili. Kwa askari ni Lingala. Ofisini na shuleni ni Kifaransa. Basi, ilipotangazwa baada ya Misa kwamba litafunguliwa darasa la Kiingereza la jioni katika ukumbi wa parokia, mzee mmoja aliyeketi karibu nami aliuliza kwa sauti: “Na hiyo ya tano tuitie wapi?” Watu wakacheka, lakini tulipoandikishwa tulikuwa kumi na wanane.

Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote kwa umri. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza masomo ya ualimu miaka michache tu iliyopita. Na kwa kuwa huku kwetu katekista huitwa Mwalimu, ikawa kila jioni yeye ananiita Mwalimu, nami namwita Mwalimu, wenzetu wakifurahi sana.

Wengine walikuja kwa biashara, maana mwenye duka anayepeleka fedha Kampala au Dubai hupenda kusoma mwenyewe kilichoandikwa kwenye karatasi. Wengine walikumbuka miaka ile baada ya vita ya 1998, askari wa Umoja wa Mataifa walipokuwa na kambi hapa mjini: kijana aliyejua Kiingereza kidogo alipata kazi ya mkalimani na kulisha nyumba nzima. Mimi nilikuja kwa sababu katika seminari tulifundishwa Kilatini na Kifaransa, na Kiingereza tulikionja tu, kama mtu anayeonja mchuzi kwa ncha ya kijiko kisha sufuria ikaondolewa.

Mwalimu hakutaka tukariri vitenzi tukiwa tumefumba macho. Alitaka kazi. Kila baada ya majuma kadhaa tulipaswa kutengeneza kitu kwa Kiingereza, kisha kusimama mbele ya watu na kukisoma. Kazi ya kwanza ilikuwa bei za sokoni: mchele, mawese, sombe, samaki wa kukaushwa. Juu ya hiyo sina mengi ya kusema, ila kwamba sombe haikupata jina zuri, tukaiacha iitwe sombe.

Kazi ya pili ilikuwa kumweleza mtu asiyetujua namna ya kufika Kindu. Hapo ndipo niliposhangaa jinsi tunavyokaa mahali bila kupaona. Mto Lualaba unapita hapa mbele yetu. Mji uko ng'ambo ya magharibi, na wenzetu wa Alunguli wako ng'ambo ya pili, wanavuka kila siku kwa mitumbwi. Lakini kwa nini mji uko hapa, wala si kwingine? Tulilazimika kutafuta. Kumbe ni kwa sababu ya maji yenyewe. Kutoka hapa kwenda chini hadi Ubundu mto unapitika kwa meli, safari ya kilometa 300 hivi. Kutoka Ubundu kwenda Kisangani kuna maporomoko, kwa hiyo ikajengwa reli ya kilometa 125. Na kutoka hapa kwenda juu, maji ni mabaya mpaka karibu na Kongolo, ambako mto unabanwa na miamba mahali Wazungu walipopaita Mlango wa Jehanamu. Ikabidi reli nyingine, ya Kindu hadi Kongolo, kilometa 355. Mji wetu ni mahali pa kushusha mizigo melini na kuipakia katika gari moshi, basi. Aliyejenga reli hizo ni kampuni ya Baron Empain, yule yule aliyejenga reli ya chini ya ardhi ya Paris. Ndiyo maana zamani za Wabelgiji mji huu uliitwa Port-Empain. Kijana mmoja akasema: “Basi sisi na watu wa Paris tuna baba mmoja, lakini urithi haukugawanywa sawa.” Mwalimu akamwambia aiseme hiyo kwa Kiingereza. Akaisema, na haikupoteza chumvi yake.

Kisha tukafanya mashindano ya maneno. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulisema kwamba lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya kuwaunganisha watu. Kongo ilitia sahihi kuingia tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili mwezi wa Julai mwaka huo. Swali likawa: Je, mtoto wa Maniema anahitaji Kiingereza, hali Kiswahili anacho tangu tumboni? Upande wetu tuliwakumbusha kwamba Kiswahili si mgeni wa juzi hapa. Kilikuja na misafara kutoka Unguja, na mtu yule Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, aliyekuwa na nguvu kubwa huko Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905. Habari za pembe na za watumwa humo hazipendezi kusoma, lakini lugha ni ile ile tunayonunulia chumvi. Upande wa pili ukajibu kwamba dawa, mashine na simu haziandikwi kwa lugha ya Tippu Tip. Dada mmoja mfanyabiashara alitushinda wote. Alisema, “Ninapokwenda kununua, muuzaji atajifunza lugha yangu. Ninapokwenda kuuza, mimi ndiye nijifunze yake. Nataka kuuza.” Mwalimu alifunga mashindano papo hapo.

Ilikuwako pia kazi juu ya Joseph Conrad, yule aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya mto wetu. Alifika kwa meli mpaka Kisangani mwaka 1890, hakufika Kindu. Mimi kitabu chake sikukipenda. Watu wetu humo ni vivuli tu, hawasemi. Lakini jambo moja lilinitia moyo: alikuwa Mpolandi, Kifaransa alikijua kabla, na Kiingereza alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka ishirini hivi. Mpaka kufa kwake alikisema kwa lafudhi nzito ya kigeni. Walakini Waingereza wanamhesabu miongoni mwa waandishi wao wakubwa. Tangu siku ile nikasimama kusoma bila aibu ya ulimi wangu.

Sasa nije kwenye kazi ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mwalimu alitutaka tuandike juu ya jambo moja la Kindu ambalo watu wa mbali wanalijua kuliko sisi. Tukataja reli, tukataja mchele. Yeye akaandika ubaoni tarehe: 11 Novemba 1961. Vijana walitazamana. Mimi nilijua kidogo, kwa kuwa seminarini padri mmoja alilitaja jambo hili mara moja, kisha akageuza maneno.

Siku zile Katanga ilikuwa imejitenga na nchi, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umeleta majeshi Kongo. Hapa Kindu walikaa askari wa Malaya. Siku hiyo zilitua ndege mbili za Italia zenye mahitaji yao. Waliokuwamo walikuwa Waitalia 13, wote wa kikosi cha ndege cha Pisa. Walikwenda kula chakula cha mchana na askari wa Umoja wa Mataifa. Wakiwa mezani, askari wa Kikongo waliotoka upande wa Stanleyville wakawavamia, wakiwadhania kuwa Wabelgiji waliotumwa na Tshombe. Wote 13 waliuawa. Miili yao ilionekana baadaye huko Tokolote, ikarudishwa Italia mwaka 1962, ikazikwa Pisa. Huko kwao neno “Kindu” si jina la mji wa mchele. Ni jina la msiba. Katika uwanja wa ndege wa Fiumicino, karibu na Roma, umesimamishwa mnara kwa ajili yao.

Tuligawana kazi. Mimi nilipewa kwenda kwa wazee, kwa sababu mzee hamfukuzi katekista mlangoni. Wengi walisema, “Askari wale hawakuwa wa hapa,” na hilo ni kweli, kisha wakanyamaza. Mama mmoja wa Alunguli ndiye aliyenikaribisha kuketi. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Alikumbuka ngurumo za ndege, na mama yake akifunga mlango mchana kweupe, na kwamba jioni ile hapakupikwa. Zaidi ya hayo hakukumbuka, wala sikumsukuma.

Niliporudi darasani tukaanza kuandika, na neno la kwanza likatukwamisha. Nilikuwa nimeandika: Wageni 13 walifika Kindu. Mgeni kwa Kiingereza ni nani? Mwalimu akaandika ubaoni maneno mawili: “guest” na “stranger”. La kwanza ni yule unayempokea, unamtandikia kitanda, unamchinjia kuku. La pili ni yule usiyemjua, umemwona tu njiani. Kiswahili chetu kinawaita wote wawili mgeni, wala hakituulizi tumempokea au hatukumpokea. Kiingereza kinauliza. Tulikaa juu ya neno hilo jioni mbili. Wengine walisema: watu wale walikuja kwa Wamalaya, si kwetu, kwa hiyo ni la pili. Wengine wakasema: walikanyaga udongo wa Kindu wakaketi mezani wakala, mtu aliyeketi mezani ni la kwanza. Ndugu msomaji, mimi nimefundisha katekisimu miaka mingi, na habari ya kumpokea mgeni nimeisema mara nyingi, lakini sikupata kuona neno hili likikatwa vipande viwili hivi mbele ya macho yangu. Tulipopiga kura, la kwanza likashinda kwa kura tatu.

Hapo akasimama yule kijana wa maneno ya Port-Empain. Alisema: “Watu 13 wamepata mnara. Na sisi? Mwaka 1998 vita vilipoingia Kindu, wa kwetu waliokufa nani amewaandika? Mbona Kiingereza chetu cha kwanza kinakwenda kuwalilia watu wa Ulaya?” Hakuna aliyemjibu upesi. Na mimi nasema hata leo kwamba swali lake ni la haki, na mtu anayeliita uchochezi hajapoteza ndugu. Mwalimu hakulikwepa. Alimwambia aandike yeye sehemu hiyo. Ndivyo ilivyokuwa, kurasa mbili zake zikawa katikati ya kazi yetu, zenye majina ya jamaa zake sita, na Kiingereza chake hakikuhitaji kusahihishwa sana.

Mwisho tukaamua kazi iwe barua kwa wanafunzi wa Pisa. Na barua ya msiba kwetu ina neno moja ambalo haiwezi kukosa: pole. Tulitafuta. Mwalimu akasema Mwingereza kwenye msiba husema “sorry”, lakini neno lilo hilo husemwa pia na aliyekosa anapoomba radhi, na msomaji wa mbali hatajua tumemaanisha lipi. Dada yule mfanyabiashara akakataa kabisa: “Mwaka 1961 hata mama yangu alikuwa hajazaliwa. Siombi radhi kwa jambo la askari wa Stanleyville.” Kwetu mtu akijikwaa unamwambia pole, wala hakuna anayekudhania kwamba wewe ndiwe uliyemsukuma.

Nilimpelekea Mama wa Alunguli swali hilo. Alifikiri kitambo, akiendelea kuchambua mchele. Akasema: “Mgeni akifia nyumbani mwako, hata kama ni homa iliyomwua, nani anakwenda kuwaambia ndugu zake? Si wewe mwenye nyumba? Unakwenda, unaketi chini, unasema pole. Wao wenyewe wataona.” Niliyarudisha maneno hayo darasani kama yalivyo. Dada yule alinyamaza, kisha akasema neno libaki kwa Kiswahili, nasi tueleze kwa mistari miwili maana yake.

Tulisoma barua hiyo mwezi wa Juni, ukumbi umejaa, wazazi wengi wasielewe hata neno moja mpaka walipolisikia lile “pole” katikati ya Kiingereza. Hapo wakainua vichwa. Mzee mmoja aliniuliza baadaye kama si hatari kufukua mambo ya kale. Nilimwambia kwamba Waitalia hawajayafukia, kwa hiyo ni sisi tu tuliokuwa hatujui.

Padri mmoja aliyekwenda Roma kusoma aliichukua mwezi wa Agosti. Majibu hayajafika bado. Darasa limefunguliwa tena Septemba, sasa tuko ishirini na watatu, na kazi ya kwanza ni ile ile ya bei za sokoni. Mama wa Alunguli amemleta mjukuu wake.