Katika Nchi ya Renzo na Lucia

Vijana wetu hupenda hadithi za mapendo, nasi hatuwalaumu. Mungu mwenyewe ndiye aliyemwumba mume na mke, na Biblia Takatifu haikuona haya kutusimulia jinsi Yakobo alivyomtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, kisha miaka saba mingine. Tena Biblia haikusahau mahali walipokutana: ni kisimani, karibu na Harani, penye jiwe kubwa lililofunika mdomo wa kisima, na makundi ya kondoo yakingoja kunyweshwa.

Neno tunalotaka kulisema leo ni juu ya mahali. Hadithi nyingi zinazopita mikononi mwa vijana hazina mahali. Wawili wanapendana katika mji usiojulikana. Humo hakuna bei ya unga, hakuna ugonjwa, hakuna mkubwa wa kuogopwa, wala hakuna baba na mama wa kuulizwa. Kijana akifunga kitabu hajui tena jinsi ya kupenda nyumbani kwao, ambako mambo hayo yote yapo. Lakini mwandishi akichagua mahali pa kweli, penye mlima unaoonwa na watu wote na njia inayopitwa na watu wote, amejitwika deni. Mahali hapo patamshuhudia au patamsuta. Ili tulione jambo hili kwa macho, twendeni Italia ya kaskazini, katika nchi za riwaya mbili za mapendo zinazojulikana duniani kote: moja ni mchezo wa jukwaani, nyingine ni kitabu kikubwa.

Nyumba ya Verona

Tuanze Verona, kwa maana huko ndiko wageni wengi huanzia. Mwingereza Shakespeare aliweka katika mji huo mchezo wake wa Romeo na Juliet, mwishoni mwa karne ya 16. Hatuna ushuhuda wowote kwamba alifika Italia. Hadithi yenyewe aliipata kwa wengine. Waitalia Luigi da Porto na Matteo Bandello walikuwa wamekwisha kuisimulia kabla yake.

Leo katika njia iitwayo Via Cappello pana nyumba ya kale ambayo watu huiita nyumba ya Juliet. Ilikuwa mali ya jamaa ya Dal Cappello, na jina hilo lilifanana na jina la jamaa ya Juliet, hilo likatosha. Roshani inayopigwa picha na kila mgeni ilitiwa ukutani katika karne ya 20, nyumba ilipotengenezwa upya, kwa kutumia mawe ya zamani. Chini, uani, pana sanamu ya shaba ya msichana, na wageni wameipapasa kwa kutafuta bahati ya mapendo, hata sanamu ya kwanza ikaharibika, nayo ikaondolewa na nyingine kama hiyo ikawekwa mahali pake.

Hatusemi haya ili tuwacheke wageni. Anayesafiri mbali ili aone mahali pa mapendo amaminifu anatafuta jambo jema. Lakini tuone yaliyotokea: mwandishi hakuujua mji, basi mji ukalazimika kujitengeneza ufanane na kitabu. Roshani ikafuata mchezo, si mchezo uliofuata roshani. Na mgeni anayeipapasa sanamu anarudi kwao na picha. Sijui kama anarudi na fundisho.

Ziwa lenye miguu miwili

Tuiache Verona, tuelekee magharibi mpaka chini ya milima mirefu ya Alpi. Hapo liko ziwa la Como. Ukilitazama katika ramani, linafanana na mtu aliyesimama ametanua miguu: mguu wa magharibi unafika mji wa Como, na mguu wa mashariki unafika mji wa Lecco. Ni ziwa la kina kikubwa, zaidi ya mita 400. Penye Lecco maji yanakuwa membamba, yanapita chini ya daraja la mawe lililojengwa katika karne ya 14, kisha yanakuwa mto, ndio mto Adda. Juu ya mji umesimama mlima Resegone, wenye urefu wa mita 1,875. Jina lake latokana na msumeno, kwa maana vilele vyake vimepangana kama meno.

Katika nchi hiyo Alessandro Manzoni alikaa utotoni mwake. Alizaliwa Milano mwaka wa 1785, lakini jamaa yake walikuwa na nyumba kubwa Lecco, mahali paitwapo Caleotto. Akiwa kijana aliishi mbali na Kanisa. Mwaka wa 1810 akairudia imani, na mke wake, Enrichetta Blondel, aliyekuwa Mkalvini, akapokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka uleule. Mwaka wa 1827 alimaliza kuchapisha riwaya yake kubwa, ambayo jina lake maana yake ni Wachumba. Baadaye akaisahihisha lugha yake yote, akaichapisha tena kuanzia mwaka wa 1840.

Hadithi ni ya watu wadogo. Renzo ni msokotaji wa hariri, Lucia ni binti wa mama mjane. Ndoa yao imetangazwa, siku imewekwa. Jioni ya tarehe 7 Novemba 1628 paroko wao, Don Abbondio, anatembea polepole akisali breviari; njiani anakuta watu wawili wenye silaha, watumishi wa mkubwa mmoja aitwaye Don Rodrigo, nao wanamkataza asiifunge ndoa ile. Don Rodrigo amemtamani Lucia. Padri anaogopa. Kesho yake anamfukuza Renzo kwa maneno ya Kilatini ambayo kijana hayaelewi.

Wasomaji wengine watashangaa: je, mwandishi Mkatoliki anaandika juu ya padri mwoga? Ndiyo, kwa kuwa aliandika juu ya nchi ya kweli, na katika nchi ya kweli wako mapadri waoga na wako mapadri watakatifu. Ukitoka Lecco ukifuata mto, unafika upesi Pescarenico, kijiji cha wavuvi chenye njia nyembamba. Hapo palikuwa na konventi ya Wakapuchini, na kanisa lake lingali lipo. Manzoni alimweka humo Padri Cristoforo, aliyekwenda peke yake, bila silaha, mpaka nyumbani kwa Don Rodrigo kumwonya usoni.

Onyo halikusikilizwa. Lucia, mama yake na Renzo wanakimbia usiku. Mashua inawangoja ufukoni, ziwa limetulia, mwezi unaangaza. Lucia anaviaga moyoni vilele vya milima, nyumba yake, nyumba ya mchumba wake ambayo alikuwa akiipita kwa haya, na kanisa ambamo angefunga ndoa. Kisha anaficha uso, analia. Wasomaji wetu wa Kivu na wa Ituri, waliokimbia vita usiku na kuacha vilima vyao nyuma, hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia ukurasa huo.

Na kwa nini ukurasa huo unatugusa? Kwa sababu milima ile ipo. Mwandishi aliyetunga milima isiyo na jina angetuambia kwamba msichana alihuzunika. Manzoni anatuonyesha anachopoteza.

Mkate na tauni

Wachumba wanatengana. Lucia anapelekwa Monza, kwenye konventi ya watawa, akabidhiwa kwa mtawa mmoja ambaye baba yake alimshurutisha kuingia utawani. Hata huyo ana chanzo chake katika kumbukumbu za mji: ni Marianna de Leyva, aliyehukumiwa na Kanisa kwa makosa yake mazito. Renzo anafika Milano tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martino, na kuukuta mji katika ghasia ya mkate. Mavuno yalikuwa mabaya. Mkubwa wa serikali aliweka bei ya mkate chini ya gharama ya ngano. Waokaji wakalalamika, bei ikapandishwa, na watu wenye njaa wakavunja tanuri. Njia ambako tanuri hiyo ilikuwapo leo inaitwa Corso Vittorio Emanuele II, ni njia ya maduka mazuri karibu na kanisa kuu.

Kusini ya Lecco, juu ya Vercurago, pana magofu ya ngome. Watu wa huko husema ndiyo ngome ya yule mwovu mkubwa ambaye Manzoni hakumpa jina, aliyemteka Lucia ili kumpendeza Don Rodrigo. Usiku ule Lucia anamwekea Bikira Maria nadhiri ya kutoolewa, kama akiokolewa. Asubuhi kengele zinalia bondeni: Kardinali Federigo Borromeo amefika. Huyo ni mtu wa kweli, askofu mkuu wa Milano tangu mwaka wa 1595, mwanzilishi wa Maktaba ya Ambrosiana, ambayo ingali inapokea wasomaji. Mwovu anamwendea, anatubu, anamwachilia Lucia. Chini ya ngome ileile, katika Somasca, alifariki Mtakatifu Jeromu Emiliani mwaka wa 1537, akiwauguza wagonjwa wa tauni. Ndiye msimamizi wa mayatima.

Mwaka wa 1630 tauni ikaja Milano, ikaua karibu nusu ya watu wa mji. Wagonjwa walipelekwa lazareti, uwanja mkubwa wa mraba uliozungukwa na vyumba 288, nje ya mlango wa mashariki. Manzoni anasema kwamba wagonjwa 16,000 walijazana humo, na Wakapuchini ndio waliowatunza. Lazareti ilibomolewa mwishoni mwa karne ya 19. Kimebaki kipande cha ukuta, na kikanisa cha Mtakatifu Karoli, kilichosimama katikati. Zamani kilikuwa wazi pande zote, ili wagonjwa waone Misa kutoka milangoni mwa vyumba vyao.

Hapo, kati ya wafu, Renzo anamkuta Lucia. Kwanza Padri Cristoforo, mwenyewe karibu kufa, anamtaka Renzo amsamehe Don Rodrigo, aliyelala akikata roho. Kijana anasamehe. Ndipo padri, kwa mamlaka ya Kanisa, anamfungua Lucia katika nadhiri yake, kwa kuwa hakuweza kumtolea Mungu ahadi aliyokwisha kumpa mtu mwingine.

Nyumba isiyoonekana

Mgeni anayefika Lecco huuliza: nyumba ya Lucia iko wapi? Olate watamwonyesha moja, na Acquate watamwonyesha nyingine, kwa maana mitaa hiyo miwili inagombea heshima hiyo. Manzoni hakutaja jina la kijiji. Aliutaja mlima, mto, daraja na konventi. Lakini mlango wa wachumba hakuuonyesha. Twaona alifanya vema. Mahali pa kweli pamshike mwandishi asiseme uongo, lakini pasigeuzwe kuwa hirizi ya kupapaswa.

Tena hakuipamba nchi hiyo hata mwisho. Wachumba wanafunga ndoa katika kanisa la kijiji chao, mbele ya Don Abbondio yuleyule, kisha wanahamia ng'ambo ya Adda, upande wa Bergamo. Huko watu walikuwa wamesikia habari za Lucia, wakangoja mrembo wa ajabu. Walipomwona wakasema ni msichana wa shamba tu. Renzo alikasirika sana, mpaka wakahama tena. Basi kitabu hakimalizi na machweo ya jua juu ya ziwa, kinamaliza na kazi, watoto, na majirani wenye ulimi.

Tarehe 27 Mei 2015 Papa Fransisko, akifundisha huko Roma juu ya uchumba, aliwahimiza vijana wakisome kitabu hiki. Twarudia shauri hilo. Na kwa wanafunzi wanaojaribu kuandika hadithi zao wenyewe, twaongeza neno. Msiwapeleke wapendanao wenu katika mji wa ndoto. Wawekeni Bukavu, Kalemie au Lubumbashi, mahali mnapopajua kwa miguu. Semeni mashua inaondoka saa ngapi, unga unauzwa bei gani, mahari imebaki kiasi gani, ni nani anayeogopwa mtaani, na ni padri gani, au katekista gani, au mama gani, asiyemwogopa. Kisha ulizeni: katika mahali hapa, pamoja na hayo yote, wawili hawa watashikaje neno walilopeana? Atakayelijibu swali hilo kwa kweli amewasaidia wachumba wote wa parokia yake.