Breki ya Mkono na Jiwe la Mjomba

Kujua jina la kitu na kujua kazi ya kitu ni mambo mawili. Mtu aweza kulitamka jina kwa lugha tatu, na kitu chenyewe kikamkana siku ya haja. Jambo hili nilijifunza nikiwa nimelala chali chini ya gari, katika ua wa nyumba yetu Lushoto, nchi ya milima ambako ardhi tambarare ni adimu.

Gari lilikuwa Land Rover ya mwaka 1974, mali ya mjomba wangu. Magari ya jina hilo yalionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Hili la mjomba lilikuwa limekwisha kubeba viazi, wagonjwa na maharusi, wala halikuwa limepata kubagua mzigo. Lakini siku zile liligonga kila lilipoondoka, na likatetemeka kila lilipoongezwa mwendo. Mjomba alisema maradhi yake ni krosi za propela ya nyuma. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, nikajitolea kuzibadili nyumbani. Fundi angalitaka ujira. Mimi nilitaka sifa.

Propela ni bomba la chuma lipelekalo nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Giaboksi imefungwa katika fremu, lakini difu hupanda na kushuka pamoja na springi kila gurudumu likanyagapo jiwe. Kwa hiyo kila ncha ya propela huwa na krosi, yaani msalaba mdogo wa chuma wenye mikono minne, na kila mkono huzunguka katika kikombe kilichopangwa beringi nyembamba mfano wa sindano. Grisi ikikauka sindano hulika, na chuma huanza kulalamika.

Nilivuta breki ya mkono, nikaona nimemaliza habari ya usalama. Mjomba akaja na mawe mawili, akalisukuma moja mbele na moja nyuma ya gurudumu.

"Mjomba, breki nimekwisha vuta," nikasema.

"Vema, mpwa wangu," akajibu. "Breki na iwe yako, na mawe yawe yangu."

Nilicheka moyoni, nikaingia chini. Nikafungua nati nne za upande wa difu, kisha nne za upande wa giaboksi. Bolti ya mwisho ilipotoka, propela ilinilalia kifuani, na papo hapo gari likajongea. Lilijongea kiasi cha upana wa kidole, likaegemea jiwe, likatulia. Chini ya ua wetu pana shamba la migomba, na chini ya migomba pana nyumba ya jirani mwenye watoto wadogo. Nilitoka mvunguni nikiwa sina neno.

Breki ya mkono ya gari lile haikamati magurudumu. Hukamata mhimili wa propela ya nyuma, pale unapotokea giaboksi, na propela ndiyo inayoufikisha mkazo ule kwenye magurudumu. Nilipoiondoa propela nilikuwa nimeiondoa breki kwa mikono yangu mwenyewe. Mjomba alilijua hilo tangu mwanzo, naye alidhani kwamba msomi hawezi kukosa kulijua. Kosa lake lilikuwa kuniheshimu kupita kiasi. Kosa langu lilikuwa kuipokea heshima ile bila ya kuuliza.

Nilidhani masomo ya siku ile yamekwisha. Nikatia krosi mpya, nikajaza grisi, nikaosha meno ya propela, maana bomba lile ni vipande viwili viingiavyo kimoja ndani ya kingine ili lipate kurefuka na kufupika. Nikaunganisha, nikafunga, tukapanda. Gari lilitetemeka kuliko kwanza.

"Ulitia alama kabla ya kukitenga kipande na chenzake?" mjomba akauliza.

Sikutia. Krosi inayofanya kazi ikiwa imepinda haizungushi kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya pili hulifuta kosa la ile ya kwanza, mradi pembe zao zilingane na uma mbili za bomba zielekee upande mmoja. Mimi nilikuwa nimezipishanisha, na makosa mawili yaliyoumbwa yaondoane yakawa yanasaidiana. Tukafungua tena, mawe yakiwa mahali pake, tukazilinganisha uma. Jioni gari lilishuka mlima likiwa tulivu.

Niliporudi chuoni nilisoma kwamba kiungo kile Waingereza hukinasibisha na Robert Hooke, mtaalamu wa karne ya 17, na wengine Ulaya hukiita kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitalia wa karne ya 16. Nilifurahi kuwajua. Hata hivyo jina la mtu aliyeniokoa halimo katika vitabu vile, na elimu yake siku ile ilikuwa na umbo la jiwe.

Tangu hapo, kabla ya kufungua kitu nilichokikuta kimefungwa, huuliza kwanza kimeshika nini.