Tumemkumbuka Nyoka, Tumelisahau Bantumi

Ukitaka kuchangamsha kundi la WhatsApp la watu wa rika langu, tupia humo picha ya Nokia 3310. Haitapita dakika mbili kabla mtu hajaandika kwamba simu ile ilianguka ghorofani na haikupasuka. Wa pili ataapa kwamba alikaa na chaji wiki nzima. Wa tatu, lazima, atamtaja nyoka. Mwaka 2017 simu hiyo iliporudishwa sokoni kwa umbo jipya, nyoka naye alirudi, tena mbele kabisa kwenye matangazo. Hata jina la aliyemtengeneza linajulikana: Taneli Armanto, Mfini, aliyemweka kwenye Nokia 6110 mwaka 1997.

Mimi sina ugomvi na nyoka. Ila 3310 ya mwaka 2000 ilikuja na magemu manne. Kulikuwa na nyoka, kulikuwa na Space Impact ya kupiga risasi angani, kulikuwa na Pairs ya kutafuta picha zinazofanana. La nne liliitwa Bantumi, na kila nikilitaja watu wananitazama kama nimelizua. "Lile la vishimo?" rafiki yangu mmoja aliniuliza baada ya kufikiri sana. "Lile nililipita tu bwana, sikulielewa."

Ndilo hilo. Nina hamu ya kulitetea kwa muda mrefu sasa, hasa kila ninaposoma orodha za magemu yaliyosahaulika. Orodha hizo karibu zote huandikwa na watu waliokulia na mashine za gemu sebuleni. Zina vito vyake, sikatai, lakini hazinihusu. Mimi likizo zangu zilikuwa za Ngerengere, stesheni ya reli ya kati ukiwa umeshaipita Ruvu na hujafika Morogoro mjini: mkonge, jeshi, vumbi, na mto unaoteremka kutoka Uluguru. Kucheza Contra ilibidi nisubiri kurudi mjini, nipange foleni kwenye banda la watu na shilingi zangu mkononi. Gemu lililotufuata hadi kijijini lilikuja ndani ya simu.

Kwa ambao hawakulielewa, Bantumi ni hivi. Una mashimo sita upande wako, simu ina sita upande wake, na kila mmoja ana ghala lake pembeni. Unachota kete zote za shimo moja, unazigawa moja moja kuzunguka. Ya mwisho ikiangukia ghalani kwako, unacheza tena. Ikiangukia kwenye shimo lako lililo tupu, unazoa za mpinzani zilizo mkabala. Basi. Yote hayo kwenye skrini ya nukta 84 kwa 48, na betri haishtuki.

Msomaji wa pwani na bara hii ameshatambua ninaongelea nini. Kampuni ya Ufini ilituletea bao, ikalipa jina lenye Bantu ndani yake, nasi tukalipita kwenda kwa nyoka! Kusema kweli lilikuwa bao lililozunguka njia ndefu. Sheria zake ni za Kalah, mchezo ambao Mmarekani William Julius Champion aliutengeneza mwaka 1940 kutokana na michezo ya vishimo ya Afrika na Asia. Kwa hiyo jamaa huyu alitoka kwetu akiwa na safu nne, akarudi na mbili, kachoka, kavaa suti.

Kilicholimaliza nadhani ni simu ya tochi. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, na ndiyo iliyoingia vijijini kwelikweli, mikononi mwa wakulima, walinzi na mama lishe. Ilikuja na nyoka na Space Impact. Bantumi haikuwemo. Yaani simu ilipowafikia wazee wenye bao vichwani, bao lilikuwa limeshashushwa njiani.

Sisi tulilipata kwa bahati. Mama mdogo alinunua simu mpya, ile 3310 ikabaki bila mwenyewe, nikaenda nayo Ngerengere likizo ya mwaka 2005. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa ametoka kupata kiharusi. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mjomba siyo ndugu wa kusalimiwa sikukuu tu; mambo yenu yanapita mikononi mwake. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Huyu alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, mtu aliyeishi kwa kuhesabu, na jioni alikuwa fundi wa bao chini ya mwembe karibu na stesheni. Bao linataka mkono. Kete zinachotwa na kumwagwa kwa kasi, mwenzako anasubiri zamu, watazamaji wanazomea. Alijaribu mara moja kwa mkono wa kushoto, zikamponyoka. Hakurudi.

"Shikamoo mjomba. Nimekuletea bao."

"Marahaba. Liko wapi?"

Nikampa simu. Akavuta miwani, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa hasira ya kweli: "Hili nani kalikata nusu?"

Kidole gumba cha kushoto kilimtosha. Siku ya kwanza simu ilimfunga mara mbili, naye akailaumu. Siku ya tatu aliniita kunionyesha kitu. Shimo lililo jirani na ghala likiwa na kete moja, la pili yake likiwa na mbili, la tatu likiwa na tatu, kila moja linafika ghalani sawasawa na kukupa zamu nyingine. Lakini ni lazima uanze na lililo karibu, maana ukianza na la mbali utayajaza yaliyo mbele na hesabu yao itaharibika. Hakuna aliyemfundisha. Nimekaa darasani miaka mingi na sidhani nimewahi kueleweshwa jambo kwa ufasaha ule.

Hapa ndipo ninapolipa Bantumi heshima ambayo nyoka hawezi kuipata. Kila kitu kingine cha kidijitali kilichoingia nyumba ile kilimgeuza mzee kuwa mwanafunzi wa watoto: bonyeza hapa mjomba, siyo hapo, hapo umefuta. Hiki kimoja kilimkuta tayari ni fundi. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza.

Ila hakulipenda, na sababu yake bado inanisumbua. Kwenye bao letu lenye mashimo 32 na kete 64 hakuna ghala. Ukila kete za mwenzako, unazirudisha uwanjani upande wako, zinaendelea kuzunguka, na kesho anaweza kuzila tena. Unashinda kwa kuimaliza safu yake ya mbele, au kwa kumwacha hana pa kucheza. Kwenye Bantumi kete ikiingia ghalani haitoki. "Sasa hizi zimekwenda wapi?" aliuliza. Nikamwambia zimehifadhiwa, ndizo pointi zake. Akasonya. "Kete isiyorudi imezikwa."

Wataalamu wameandika mengi kuhusu bao. Mholanzi Alex de Voogt alitoa mwaka 1995 tasnifu nzima kuhusu ufundi wa mabingwa wa Zanzibar, watu wanaoshika kichwani mizunguko ambayo wengi wetu tungehitaji karatasi. Nimeisoma kwa faida. Lakini tofauti ya michezo hii miwili sikuihisi mwilini mpaka niliposikia lile sonyo.

Baada ya wiki mbili hivi akachoshwa na bao nusu, akaniagiza niutoe ubao wake wa mninga uvunguni. Mimi, msichana! Pale mwembeni wasichana tulipita na ndoo kichwani, tukiamkia bila kusimama. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Hapakuwa tu na nafasi ya kukaa. Lakini mjomba alikuwa na hesabu bila mkono, mimi nilikuwa na mkono bila hesabu. Akawa anataja, nacheza. Nyumba. Kichwa. La tatu kutoka kushoto, peleka kulia. Nilijifunza kunamua kwa kutii, kisha polepole nikaanza kujua atakachosema kabla hajasema.

Mwishoni mwa likizo alinitaka nimsindikize mwembeni. Mzee mmoja akauliza huyu mtoto wa kike anakuja kufanya nini.

"Huyu ni mkono wangu," mjomba alisema, akaketi.

Tulicheza mechi tatu siku ile. Tulishinda moja.

Sidai kwamba Bantumi ni gemu kubwa. Picha zake ni hafifu, halina hadithi, na mtu makini huzoea mbinu zake mapema. Ninachodai ni kwamba thamani ya gemu haipimwi kwa kilichomo ndani ya skrini peke yake. Nyoka alinipotezea vipindi vya Jiografia. Bantumi lilinifungulia ubao ambao, bila lenyewe, ningeupita na ndoo maisha yangu yote. Wahakiki wa magemu wana maneno mengi ya kusifia michoro na muziki. Neno la kusifia kazi hii sijalisikia kwao.

Mjomba alifariki mwaka 2012. Ile 3310 betri yake ilivimba ikatupwa. Siku hizi Bantumi na ndugu zake wa vishimo unawapata kwenye simu za kisasa, wengine wana rangi na ngazi za ugumu, na mwaka jana nilimwekea mpwa wangu wa kidato cha pili mmojawapo tukiwa kwenye treni ya SGR kuelekea Ngerengere. Alinifunga kabla hatujafika Soga. Kisha akauliza kwa nini kete za ghalani hazirudi kuchezwa.

Ubao wa mninga uko kwa mama mdogo, umepasuka kidogo upande wa kimbi. Tulizihesabu kete jioni ile: hamsini na tisa. Mpwa akatoka nje na tochi ya simu kutafuta vijiwe vitano vya saizi moja.