Maduara Mia ya Mwanga

Walimu wengi wa rika langu tulifundisha habari za hadubini kwa chaki tu. Tuliichora ubaoni, wanafunzi wakanakili, basi. Mimi nilikuwa mwalimu wa miaka mingi nilipoketi kwa mara ya kwanza mbele ya hadubini yenyewe, katika kituo cha afya, nikielekezwa na fundi wa maabara mwenye umri wa mwanangu.

Alianza na mikono. Kwanza lenzi yenye nguvu ndogo. Unapokisogeza kioo karibu na lenzi, utazame kwa ubavuni, usije ukakivunja. Kisha uweke jicho mahali pake na kuvitenganisha polepole mpaka sura itokee. Ukisukuma kioo kuume, sura hukimbilia kushoto, na mikono huhitaji siku kadhaa kulizoea jambo hilo.

Huku Walikale si elimu ya mapambo. Tangu kasiteriti ilipoanza kuchimbwa Bisie, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wengi wamepita njia ya msituni, wakalala chini ya maturubai, wakarudi na homa. Homa yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa homa ya matumbo. Kwa mkono juu ya paji la uso huwezi kuzitofautisha.

Tone nene la damu hukaushwa, kisha hutiwa rangi ya Giemsa. Maji hupasua chembe nyekundu. Vimelea na chembe nyeupe hubaki. Hapo hudondoshwa mafuta kidogo, hutumiwa lenzi ya mara 100, na pamoja na ile ya jichoni ya mara 10, kitu huonekana kikubwa mara 1,000. Kimelea ni kama pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu. Tahadhari na vumbi! Zungusha lenzi ya jichoni: nukta ikizunguka pamoja nayo, hiyo ni takataka ya lenzi, si ugonjwa. Laveran, daktari Mfaransa aliyeviona vimelea hivyo huko Algeria mwaka 1880, alitazama damu isiyotiwa rangi, na wengi walikataa kumsadiki kwa miaka.

Kusema “vipo” kwaweza kuchukua dakika moja. Kusema “havipo” ndiko kazi. Kanuni hudai upitie angalau maduara 100 ya mwanga, moja baada ya jingine, kabla ya kuandika hivyo. Jioni, macho yakiuma na wagonjwa wakingoja nje, duara la thelathini hukushawishi kwamba umekwisha kuona vya kutosha. Lakini yule mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake huenda vimelea vyake vimo katika duara la themanini, na malaria kali haimngojei mtoto mpaka kesho.

Yule fundi huhesabu kwa maharagwe. Kila maduara kumi, punje moja hutoka kikombe hiki kuingia kile. Punje ya kumi ikishaanguka, ndipo huchukua kalamu.