Nikistaafu Nitalala Nyumba ya Nani?

IKIWA umeajiriwa, hebu toa hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita uiweke mbele yako tunapozungumza. Usitazame mshahara wenyewe, huo umekwisha kutumika. Tazama makato. Humo ndimo ilimojificha nyumba yako ya uzeeni, ikiwa ipo, na wengi wetu hatujawahi kuuliza kila kato linakwenda wapi na litarudi kwa njia gani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kalobeyei, kando ya ile barabara itokayo Lodwar kupitia Kakuma kwenda Lokichoggio. Nimebakisha mwaka mmoja na miezi michache nifikishe miaka 60, ambayo tangu 2009 ndiyo umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma. Kabla ya hapo ulikuwa 55. Nyumba ninayoishi ni ya shule. Siku nitakapokabidhi chaki, nitakabidhi na ufunguo. Mzee wangu alikuwa mwanajeshi, na kama ilivyo kwa askari wengi wa vyeo vya chini, alivua magwanda angali na nguvu zake, miaka arobaini na kitu. Shemeji yangu, mdogo wake, ni dereva wa shirika moja la misaada huko Kakuma. Kwa hiyo bomani kwetu mna mtumishi wa umma, askari mstaafu na mfanyakazi wa shirika. Ungedhani watu watatu wenye mifuko mitatu hawawezi kukosa paa lao wenyewe. Sikiliza basi.

Nianze na mfuko wangu, kwa kuwa ndio ninaoujua vizuri. Mimi niko katika mpango wa zamani wa pensheni, ule unaolipwa moja kwa moja kutoka hazina ya serikali. Hesabu yake si siri wala si uchawi. Chukua mshahara wako wa msingi wa mwaka mzima, bila marupurupu ya nyumba wala ya mazingira magumu. Uzidishe kwa idadi ya miezi uliyofanya kazi, kisha ugawanye kwa 480. Hapo umepata pensheni yako ya mwaka. Robo yake unaweza kuichukua mapema, ikazidishwa kwa 20, nacho ndicho kiinua mgongo. Robo tatu zinazosalia hulipwa kidogo kidogo kila mwezi.

Tuseme mshahara wa msingi ni Sh48,000 kwa mwezi na mwalimu amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wa mwaka ni Sh576,000. Pensheni ya mwaka inakuwa Sh432,000. Robo yake ni Sh108,000, na ukiizidisha kwa 20 unapata kiinua mgongo cha Sh2,160,000. Kila mwezi atapokea Sh27,000. Chukua kalamu uhesabu ya kwako usiku wa leo, wala usingoje kuambiwa na karani.

Walimu wenzangu vijana wako katika mpango mwingine. Tangu Januari 2021, watumishi wa umma waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa katika mpango wa kuchangia. Wao sasa hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali huongeza asilimia 15. Nawasikia wakinung'unika chumba cha walimu. Mimi huwaambia waisome ile asilimia 15 kwanza, ndipo wanung'unike.

Lakini kuna jambo moja katika mpango wangu ambalo lilinifanya niache kulala usingizi mzito. Mstaafu akifariki, wategemezi wake huendelea kulipwa pensheni hiyo kwa miaka mitano tu. Mitano! Kitindamimba wangu bado yuko sekondari. Pensheni ina mwisho wake, lakini chumba cha mawe hakiulizi aliyekijenga amekufa lini. Ndiyo sababu nang'ang'ania nyumba kabla ya mbuzi, ingawa hapa Turkana ukisema hivyo mbele ya wazee wanakutazama kama mtu aliyepigwa na jua. Nao wanajua kwamba ukame wa 2020 hadi 2023 ulifagia mazizi mazima.

Basi nilikwenda benki moja kuuliza mkopo wa nyumba, nikiwa na hati zangu za mshahara za miaka miwili mkobani. Yule kijana alinisikiliza kwa adabu, akaniita mama, akaniuliza swali moja tu: "Hatimiliki ya ardhi iko wapi?" Nikamwambia ardhi yetu ni ya jamii. Akafunga faili.

Hapa, msomaji wangu, ndipo palipo kiini cha mambo. Misaada mingi ya nyumba nchini Kenya hupitia mlango mmoja unaoitwa hatimiliki. Watumishi wa serikali kuu wana mfuko wao wa mikopo ya nyumba ulioanzishwa 2004, wenye riba ya asilimia 5, ambayo ni nafuu kubwa ukilinganisha na ya benki. Lakini mkopo huo nao unataka kitu cha kushika rehani. Na sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, jamii ambayo haijasajiliwa ardhi yake inashikiwa amana na serikali ya kaunti. Hata jamii ikisajiliwa na kuchagua kamati yake, inaweza kukutengea mahali pa kujenga na kuishi, lakini haki yako haiwezi kuipita hatimiliki ya jamii nzima. Unaweza kukaa hapo mpaka wajukuu wazeeke, lakini huwezi kupapeleka benki.

Wala sisemi sheria hiyo ni mbaya. Bila hiyo, wajanja wa mjini wangekuwa wamekwisha kutuuzia hata kivuli cha mgunga. Nasema tu kwamba aliyetunga misaada ya nyumba alimfikiria mtu wa Kitale au Nakuru.

Shemeji yangu naye aligonga mlango huo huo. Mwajiri wake ana mfuko wa akiba ya uzeeni mbali na ule wa taifa, NSSF. Kwa kanuni za mwaka 2020, mwanachama wa mfuko kama huo ambaye hajastaafu anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, mradi isizidi Sh7 milioni. Tangu 2009 anaweza pia kuweka hadi asilimia 60 ya akiba hiyo kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Mambo mazuri hayo! Ila hapa Kalobeyei hakuna mtu wa kumuuzia nyumba yenye hati. Akitaka kuitumia nafasi hiyo, anunue Lodwar mjini kwenye ploti iliyokamilika karatasi, au avuke Kapenguria ashuke Kitale.

Na ile NSSF? Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa Sh200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza Sh200. Miaka 20 ya namna hiyo, kabla ya faida, ni Sh96,000. Hiyo ni bei ya mabati na misumari, labda na mlango. Tangu Februari 2023, sheria ya 2013 ilipoanza kutekelezwa baada ya kesi ndefu, mchango ni asilimia 6 kwa kila upande hadi kiwango kilichowekwa. Vijana watapata zaidi. Shemeji yangu ana miaka 54, kwa hiyo atayaonja mabadiliko hayo kwa ncha ya ulimi.

Sasa tuje kwenye kato linalozungumzwa sana, la nyumba za bei nafuu. Sheria yake ilitiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mapato yake yote na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Mwenye mapato ya Sh60,000 hutoa Sh900 kila mwezi. Nimekutana na watu wazima, tena wasomi, wanaoamini kwamba Sh900 hizo zinawekwa kando kwa majina yao. La hasha! Hiyo ni tozo, si akiba, wala hairudi ukistaafu. Anayetaka nyumba hujisajili katika mpango wa Boma Yangu, huweka akiba ya kuanzia, ndipo huomba. Ukiipata, huwezi kuiuza bila ruhusa ya bodi. Kwa hiyo kama unakatwa na hujajisajili, unawajengea wengine tu. Ni sadaka nzuri, lakini ijue kuwa ni sadaka.

Mzee wangu hucheka tukihesabu hivi. Yeye alisikia kwa wenzake waliotumwa nje kulinda amani kwamba huko Marekani, tangu 1944, askari aliyerudi nyumbani hudhaminiwa na serikali anapokopa kununua nyumba, mara nyingi bila kuweka hata senti ya kuanzia. Ni kweli. Hapa kwetu askari mstaafu hujenga kwa kiinua mgongo na pensheni yake. Na historia yetu ina kejeli yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wazungu mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo mabegani hawakugawiwa. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mzee wangu husema angalau wao walipewa mtaa!

Jirani zetu wakimbizi nao wamenifundisha jambo. Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa 2016 kwenye hekta zipatazo 1,500, na baadaye baadhi ya familia zikapewa pesa kupitia akaunti za benki ili zijijengee nyumba za kudumu. Nimewaona akina mama wa Sudan Kusini wakisimama juu ya fundi kama askari jela. Msingi ukikamilika, analipwa. Ukuta ukisimama, analipwa. Hakuna fundi aliyepewa zote mkononi. Hawana hatimiliki hata mmoja, lakini wana nyumba.

Kwa muda mrefu mimi na mzee wangu tulivutana. Yeye alitaka Kitale, ploti yenye hati, mahindi na baridi. Mimi nilisema hati ni nzuri, lakini nani atanijua Kitale nikiugua usiku? Kwa Waturkana mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba, akai hujengwa na mikono yake, nami sijasikia mwanamke aliyemaliza kazi akaenda kujenga kwa wageni. Tulimaliza kwa kugawana. Nusu ya kiinua mgongo changu itajenga vyumba viwili hapa, mbali na laga, mahali ambapo wazee wamekubali na kuandika mbele ya chifu. Karatasi hiyo haitanipa mkopo, lakini itawazuia watoto wa shangazi kuja kudai mahali hapo nikishazikwa. Nusu nyingine itakaa chama cha akiba na mikopo mpaka tukubaliane kuhusu hiyo Kitale yake.

Mimi nimekwisha kuanza kukusanya barua. Barua ya kwanza ya kuajiriwa nimeipata chini ya sanduku la mama yangu, imeliwa na mchwa pembeni lakini nambari inasomeka. Mwalimu mwenzangu aliyestaafu kabla yangu alingoja pesa zake zaidi ya mwaka kwa sababu jina la kitambulisho na jina la barua yalitofautiana herufi moja. Nimelinganisha yangu mara tatu. Fundi alikuja juzi akitaka malipo ya kwanza ili akalete mawe kabla ya mvua. Nimemwambia angoje. Hatachimba hata shimo moja mpaka kiinua mgongo kiwe kimeingia benki, na siku hiyo nitakuwa nimesimama pale pale, kama wale mama wa Sudan Kusini.